Karani na Mtia Makaa

"Katika mashua hii walikuwamo watu wangapi?"

Hilo ndilo swali la kwanza aliloniuliza Karani, na nilikosea kulijibu. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka ule, nina shahada ya historia na sina kazi, na mama alikuwa amenituma ghorofa ya chini yetu nikamsaidie jirani yetu mzee na kompyuta yake. Karani hakunionyesha kompyuta. Alinipa karatasi moja, nakala ya gazeti la serikali ya Kiingereza, yenye orodha ya waliotunukiwa nishani za ushujaa baada ya manowari kushambulia bandari moja ya Wajerumani upande wa bara, katika Vita Vikuu vya Kwanza. Mashua ya mvuke iliingia ndani ya bandari, watu wake wakavunja mitambo ya meli zilizokuwa zimefichwa mle, na walipokuwa wanatoka wakamiminiwa risasi kutoka ng'ambo zote mbili za mlango wa bandari. Nikasoma, nikahesabu kwa kidole.

"Saba," nikasema.

"Umehesabu nishani. Mimi nimekuuliza watu."

Nikasoma tena. Ofisa mmoja, mabaharia wanne, askari wa majini wawili. Nikamwambia karatasi haisemi zaidi ya hapo.

"Mashua ya mvuke hiyo, bibiye. Nani alikuwa akitia makaa?"

Nilikuwa nimefundishwa chuoni kuuliza nani kaandika, kwa nini kaandika, kamwandikia nani. Hakuna aliyenifundisha kuuliza mashua ilikuwa ikiendeshwa na nini. Niliudhika, na nadhani kuudhika kule ndiko kulikonirudisha kesho yake, na siku zilizofuata, kwa miaka mitatu.

Jengo zima la kwetu Darsait, Maskati, lilimwita Karani, hata watoto, kwa sababu maisha yake yote ya kazi aliyatumia kwenye gati ya Matrah akihesabu shehena. Alisimama chini ya meli na ubao wake na kalamu ya risasi, kila gunia likishuka mstari mmoja, mstari wa tano ukikata minne. Alistaafu, lakini kuhesabu hakukustaafu naye. Alihesabu ngazi za kila nyumba aliyoingia. Alihesabu tende kwenye sahani kabla ya kuchukua ya kwanza. Tulikwenda naye kwenye harusi moja ya watu wa Unguja, ukumbi umepambwa, bwana harusi anaingia, vigelegele juu, na Karani akaniinamia sikioni: "Viti mia tatu na arubaini. Sahani za biriani mia tatu. Leo watu watajuana." Na kweli walijuana. Meza ya kwetu ililetewa saladi na maneno matamu.

Unguja aliiacha akiwa kijana, lakini haikumtoka mdomoni. Alisema nnataka, nnakwenda, n'kwambie. Kiarabu chake cha Oman kilikuwa safi, cha ofisini, na alikitumia kwa watu wa umeme na kwa imamu. Kwa hasira alitumia Kiswahili. Kwa hiyo mimi nilisikia Kiswahili chake kwa wingi.

Kadi zake zilikaa kwenye makopo ya halwa yaliyooshwa, yamepangwa chini ya kitanda. Kadi za samawati zilikuwa za mabaharia, nyekundu za askari wa majini, za manjano za maofisa. Kila mtu aliyepewa nishani kwa shambulio lile alikuwa na kadi yake: cheo, meli, alifanya nini, nani alishuhudia, nani alimpendekeza, nini hakijathibitishwa. Baadhi yao alikuwa amewafuatilia hadi walipozikwa. Alijua kwamba mmoja wa wale askari wa majini baadaye alikuwa akiuza samaki wa kukaanga, na mwingine aliiuza nishani yake kabla mwaka haujaisha. Aliyajua haya kwa kuandika barua kwa mkono, kuzitia stempu na kusubiri. Kila barua aliimaliza kwa kujiita mtumishi wao mtiifu, yeye ambaye hakuwahi kumtii mtu, kuanzia mkewe.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja: kwenye kadi hakuna sifa. Siku moja nilimwandikia kadi ya baharia aliyeshika usukani huku amejeruhiwa, nikaweka "kwa ushujaa mkubwa". Akachukua kalamu akakata.

"Mbona unakata, Ami? Ndivyo gazeti lilivyosema."

"Gazeti lina haki ya kusema linavyotaka. Wewe nambie kafanya nini. Ushujaa nitautia mwenyewe nikisoma, kama upo."

"Na kama haupo?"

"Basi hautakuwepo. Ndiyo raha ya kadi."

Nilimheshimu kwa hilo, na hilo hilo lilinikera, kwa sababu nilikuwa na maswali yangu makubwa zaidi ya yale ya kadi. Siku nyingine nilimwambia wazi: Ami, hawa watu walikuja kuupiga mabomu mji wa watu wengine. Inasemekana mji ulikuwa umepandisha bendera nyeupe. Wazungu wamegombana na Wazungu juu ya bandari isiyo yao, kisha wamegawana medali. Wewe Mwarabu wa Unguja, unaishi Maskati, unawapendea nini?

Alikuwa anakunja nguo zake zilizotoka kwenye kamba. Hakupenda mtu mwingine amkunjie.

"Nani kakwambia nnawapenda? Nnawahesabu."

"Na bendera nyeupe?"

"Kopo la tatu, kadi ya mwisho. Kila upande na maneno yake. Nimeyaandika yote mawili, bila sifa."

Nikaenda kulifungua kopo la tatu. Ilikuwapo. Mtu wa namna hii huwezi kumshinda kwa hoja. Kila unapofika, keshafika na keshaweka kadi.

Lakini hakumaliza kitu. Hili ndilo lililokuwa likinitia wazimu. Roshani yake ilipakwa rangi nusu, nusu nyingine ikabaki na rangi ya zamani, na alipoulizwa alisema anasubiri kuona ipi inafifia kwanza. Mlango wa jokofu ulifungwa kwa mpira. Kitabu chake, yaani orodha kamili ya waliokuwa kwenye shambulio lile, kila mtu na alichofanya, kilikuwa tayari kwa kupigwa chapa tangu mwaka wangu wa kwanza kwake. Mimi ndiye niliyekipanga, nikakisahihisha, nikakipeleka kwa mpiga chapa Ruwi, akakubali. Nilihitaji kitabu kile. Kila nilipokwenda kuomba kazi waliniuliza nimefanya nini tangu nimalize chuo, na sikuweza kuwaambia nimepanga makopo ya halwa.

"Bado," alisema Karani.

"Bado nini, Ami? Kurasa mia mbili."

"Mashua haijajaa. Mtia makaa simjui jina."

"Andika 'mtia makaa, mwenyeji, jina halijulikani'."

"Ndivyo walivyoandika Waingereza kwenye ripoti zao. Ndiyo iwe nimefanya kazi yote hii ili nikaandike walivyoandika wao?"

Nikapanda ngazi kwetu nikibamiza miguu. Ngazi kumi na tisa. Ni yeye mwenyewe aliyenifundisha kuzihesabu.

Kuhusu majina alikuwa mkali kuliko kuhusu jambo lolote. Nyumbani kwao alikuwako msichana wa kazi kutoka Uganda, Mkristo, mcheshi, mwenye sauti ya kuita mtu wa ng'ambo ya barabara. Mke wa Karani, ambaye mimi nilimwita Khala, yaani mama mdogo, alimwita Meri. Nilidhani ndilo jina lake hadi siku moja tulipokuwa jikoni tukimenya vitunguu.

"Mimi si Meri," akaniambia. "Meri alikuwa yule wa kabla yangu. Alienda, mimi nikakuja, Madam akasema Meri leta chai. Nikaleta. Sasa ningefanya nini, chai si ingepoa?"

"Hukumwambia?"

"Nilimwambia. Akasema, Meri ni jina zuri." Akacheka hadi akafuta macho kwa mkono wenye kitunguu, akaanza kulia kwelikweli. "Ni Baba Karani tu aliniuliza. Siku ya kwanza. Alikuja na kikaratasi na peni, kama mtu wa uhamiaji. Nikaogopa, nikajua nimeshafukuzwa. Akaniambia, jina lako la kweli, na la baba yako. Nikasema Nakato. Akaandika. Mpaka leo yeye ananiita Nakato, Madam ananiita Meri, na mimi naitika kote."

Kutoka chumbani tulisikia, "Nakato! Dawa imefika muda wake?"

"Muda wake ndiyo huu, Baba! Na usiifiche kwenye mto kama jana, nimeiona!"

"Nani kaficha? Imeanguka."

"Imeanguka ikajifunika na mto?"

Khala hakuona ubaya wowote, na haki ya Mungu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa watu, mkarimu, mwenye fahari. Fahari yake kubwa ilikuwa babu wa mumewe. Kila mgeni aliyekalishwa sebuleni aliambiwa: babu yake Karani alikuwa kwenye vita vile vya bandarini, yeye ndiye aliyetia makaa, Waingereza wakamnyima nishani kwa kuwa si mwenzao. Wajukuu waliihadithia shuleni. Mmoja alimchora babu huyo, kifua wazi, koleo mkononi, moto nyuma yake kama jehanamu. Picha ilibandikwa juu ya televisheni.

Kwa hiyo nilijua, au nilidhani najua, Karani alikuwa anatafuta nini. Na mimi sipendi hadithi za ukoo. Kila ukoo wa kwetu una babu aliyesimama karibu na jambo kubwa, na kila mwaka anasogea hatua moja kulikaribia. Nilimwambia hivyo pia. Nikamwambia, Ami, wewe unamkatia kila mtu sifa kwenye kadi, lakini babu yako mwenyewe umempokea mzima mzima kutoka mdomoni mwa watu. Uko wapi ushahidi kwamba alikuwa mle?

Nilitegemea akasirike. Akasema, "Swali zuri hilo. Usiliache."

Nilidhani ananidhihaki.

Tukaandika. Kwanza yeye kwa mkono, kisha mimi kwa barua pepe kwa sababu majibu ya stempu yangetukuta kaburini. Ofisi za nyaraka zilijibu kwa adabu kwamba hazina orodha ya wafanyakazi wenyeji wa mashua zile. Nikabadilisha maneno, nikauliza hesabu za chakula, ripoti za waganga, barua za maofisa walizowaandikia wakubwa wao kupendekeza nani apewe nini. Wakajibu kwa adabu tena. Nilianza kuichukia adabu ile. Siku nyingine nilimsomea jibu kwa sauti ya kuiga, na Karani, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, alicheka akakohoa, Nakato akaja na maji akatugombeza wote wawili.

Sitaki mtu adhani alikuwa mzee mtamu. Alikuwa mchoyo wa sifa hata kwa walio hai. Katika miaka mitatu hakuniambia hata mara moja kwamba nimefanya vizuri. Alinisahihisha Kiingereza changu, nami ndiye niliyesoma. Aliwahi kumwambia mama mbele yangu kwamba nina akili lakini nna haraka, nashusha mayai kama mtu anayeshusha magunia. Alijua tarehe za kuzaliwa za askari wa majini waliokufa zamani na hakujua ya mwanawe hata mmoja. Aliponituma Matrah kumnunulia kadi, alizihesabu nilipozileta, na zilipopungua mbili alinirudisha dukani kwa jua la saa nane.

Kisha jibu likaja.

Ilikuwa asubuhi, niko peke yangu nyumbani. Mtunza nyaraka mmoja, mtu aliyeelekea kuwa mvumilivu, aliandika kwamba alipokuwa anatafuta kitu kingine amekutana na barua ya ofisa mdogo wa ile mashua, na huenda inatuhusu. Akaambatanisha picha yake. Mwandiko ulikuwa mbaya, lakini ulisomeka. Ofisa alimweleza mkubwa wake kwamba mtia makaa, mwenyeji aliyeajiriwa Unguja, alibaki kwenye moto wake tangu mashua ilipoingia hadi ilipotoka. Kwamba bomba la mvuke lilipopasuka aliungua mikono yote miwili na hakuiacha koleo. Kwamba bila yeye mashua ingesimama katikati ya bandari na wote wangekufa. Anapendekeza akumbukwe kwa namna yoyote itakayoonekana inafaa. Chini yake aliandika jina.

Lilikuwa jina la babu yake Karani. Jina lake, la baba yake na la kabila lake, bila kosa.

Nilisoma mara nne. Mimi nisiyeamini hadithi za ukoo nililifuata jina lile kwa kidole, herufi kwa herufi. Nikachapisha, nikashuka zile ngazi bila kuzihesabu.

Khala alipiga kigelegele kabla sijamaliza sentensi. "Si n'liwaambia! Si n'liwaambia mimi!" Akamshika Nakato wakazunguka sebuleni, Nakato akipiga makofi na kusema "Mabrouk, Baba, mabrouk!" huku hajui bado ni hongera ya nini. Khala keshachukua simu anapigia Seeb, anapigia Sidab, anapigia Unguja.

Karani aliomba kioo chake cha kukuzia. Alisoma polepole, kioo kikitembea juu ya kila neno. Alipofika mwishoni alirudi kwenye sehemu ya mikono na koleo, akaisoma tena. Kisha akaiweka karatasi mezani na kuinyoosha kwa kiganja.

"Siye," akasema.

Alisema kwa sauti ya chini, mimi tu niliyesikia.

"Siye vipi, Ami? Jina hili hapa."

"Jina nnaliona. Mtu simuoni."

"Una maana gani? Ofisa alikuwa mle ndani ya mashua. Kaandika kwa mkono wake. Huu ndio ushahidi! Ni wewe uliyenifundisha: nani kashuhudia, nani kapendekeza. Wote hawa hapa. Unataka nini tena?"

Akatazama upande wa Khala, aliyekuwa akieleza kwenye simu habari ya mikono kuungua, machozi yanamtoka. Kisha akanitazama mimi. Nadhani alitaka kusema jambo. Badala yake akasukuma kikombe kunielekea.

"Chai yako inapoa."

"Sitaki chai. Nataka tuchape kitabu."

"Bado."

Nikamwambia niliyokuwa nimeyaweka miaka mitatu. Kwamba hataki kumaliza kwa sababu akimaliza hatakuwa na kazi. Kwamba amenipotezea wakati wangu. Kwamba ni mwoga, anajificha nyuma ya makopo. Khala alishusha simu. Nakato aliingia jikoni. Karani alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akisikiliza wapagazi wakibisha hesabu yake, kisha akachukua karatasi, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa kanzu.

"Umefanya kazi nzuri," akasema.

Nikaondoka nikabamiza mlango. Sikurudi. Nilipata kazi muda mfupi baadaye, kazi ya mkataba kwenye kampuni ya bima, nikahamia upande wa Al Khuwair. Nilipokuja kwetu nilipita mlango wao haraka. Mara moja nilimkuta chini kwenye ngazi amesimama apumue, fimbo mkononi. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza kazini tuko wangapi. Nikamwambia sijui. Akatikisa kichwa, akaendelea kupanda. Alifariki mwaka uliofuata.

Ilipita kama misimu miwili ya joto ndipo Khala akanipigia. Anahamia kwa mwanawe Barka, jengo linabomolewa, na makopo hayo hakuna anayeyataka ila mimi. Nilikwenda. Kitabu kilichapwa? Nikamuuliza. Hakikuchapwa. Khala alikuwa ameibandika ukutani ile barua ya ofisa, ndani ya fremu, pembeni ya mchoro wa mjukuu.

Makopo niliyapekua kwangu, sakafuni, kwa siku kadhaa. Samawati, nyekundu, manjano. Kopo la mwisho lilikuwa dogo kuliko mengine na ndani yake mlikuwa na kadi moja nyeupe, rangi ambayo sikuwahi kumwona akiitumia. Wino wake ulikuwa umefifia, wa miaka mingi kabla ya mimi kuingia nyumba ile. Ni mistari miwili tu ya katikati iliyokuwa mipya, ya mkono unaotetemeka. Juu palikuwa na jina la babu yake. Chini yake:

"Mnyapara alitakiwa alete watu kumi wa makaa wa manowari na mashua zake, majina keshayapeleka. Mmoja hakutokea. Akampakia mwingine, kwa jina lile lile, watu wakatimia kumi. Babu kaniambia mwenyewe."

Kisha ile mistari mipya: "Aliungua mikono miwili. Hakuiacha koleo."

Na mwisho kabisa, kwa wino wa zamani: "Aliyekwenda kwa jina hili ni:" na nafasi tupu hadi ukingoni mwa kadi.

Nyuma ya kadi palishikizwa kwa pini karatasi ya kadhi wa Unguja, hati ya ndoa, ya Kiarabu, tarehe yake ya Kiislamu. Niliigeuza tarehe ile kwa simu, sikuamini, nikaigeuza tena kwa jedwali la kitabuni. Siku ile mashua ilipoingia bandarini, babu yake Karani alikuwa Unguja, anaozwa mwanamke aliyemzaa baba yake Karani.